Wanaume Wanahimizwa Kutuma Maombi

Kwa Bodi za Utumishi wa Umma za Kaunti, na kwa wakubwa wanaozipigia simu usiku.

Waheshimiwa,

Nawaandikia kutoka mpakani Busia kuwapongeza. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 27, inataka watu wa jinsia moja wasizidi thuluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa na kuteuliwa. Kifungu cha 197 kinasisitiza hivyo hivyo kwa mabunge na kamati kuu za kaunti. Mkasoma, mkapiga hesabu, mkaona thuluthi mbili ni za wanaume. Iliyobaki mkaipima kwa wembe asije akazidi hata mama mmoja. Laiti vitabu vya fedha navyo vingepimwa hivyo!

Ila hakuna mahali Katiba inaposema nani apewe thuluthi ipi. Basi tubadilishane. Kwa miaka 5 ijayo wanawake washike thuluthi mbili za ukurugenzi, uafisa mkuu na uwaziri wa kaunti, kuanzia Rukala hadi Malaba. Wanaume tutawatengea moja, maana sheria ni sheria.

Mtauliza kama wanaume wenye sifa watapatikana. Ondoeni shaka, tutawajengea uwezo. Tutawaandalia warsha hotelini kuhusu kujiamini, na kila mmoja aondoke na fulana. Kwenye usaili tutawauliza yale wanayoulizwa akina mama: una watoto wangapi, wakiugua nani atabaki nao, na je, mkeo amekubali uhamie Teso Kaskazini? Atakayejibu kwa sauti kubwa tutaandika kwamba ana hasira. Atakayejibu kwa upole, hawezi kuongoza.

Pia kuna suala la cheti. Matangazo ya ukurugenzi yamekuwa yakidai kozi ya uongozi wa kimkakati isiyopungua wiki 6, kama ile ya Chuo cha Serikali kule Kabete. Sharti zuri, sina ugomvi nalo. Lakini aliye kazini huenda kozi kwa idhini ya bosi, na bosi humkumbuka kwanza yule anayekunywa naye chai. Mama anabaki akiandika kumbukumbu za kikao na kuandaa bajeti ambayo mwingine ataisoma mbele ya kamera. Usaili ukifika, anaambiwa hana mafunzo. Akibahatika anapewa ukaimu. Sheria ya Tume ya Utumishi wa Umma ya 2017 inataka ukaimu usizidi miezi 6, lakini upo ukaimu ulioota mvi.

Kama walimu wa uongozi ni haba, njooni kwenye kituo cha pamoja cha mpakani ambacho Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walikizindua Februari 2018. Mtamkuta mchuuzi wa nyanya akibadilisha shilingi za Uganda kuwa za Kenya kichwani, karani bado anatafuta kalamu. Utaratibu mwepesi wa forodha kwa bidhaa zisizozidi dola 2,000 anaujua kwa moyo. Akizuiwa, anajadiliana kwa Kiteso, Kisamia, Kiganda na Kiswahili, bila kupandisha sauti, na nyanya zinapita kabla hazijaoza. Jioni ni mweka hazina wa chama, na huko hakuna pesa inayopotea ikaitwa matumizi ya dharura.

Najua jibu lenu: Busia tayari ina kiongozi mwanamke. Naam, mwakilishi wa wanawake, kiti ambacho mwanamume haruhusiwi kukigombea! Tangu 2013 magavana wetu ni Ojaamong na Otuoma, na manaibu wao wote wanaume. Wala siwatishi kwa mahakama. Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais avunje Bunge kwa kutotunga sheria ya thuluthi mbili. Bunge likaendelea hadi mwisho wa muhula, mishahara ikiingia.

Tangazo la kwanza la mpango wangu wa kubadilishana nimekwisha kuliandika. Waombaji wa kiume waambatishe cheti cha wiki 6 na barua ya idhini kutoka kwa wake zao. Kule chini, kwa herufi ndogo, nimeongeza: wanaume wanahimizwa kutuma maombi.

Wenu,
Mlipa ushuru, Busia