Fundi wa Sikio

Peugeot 504 yangu, ndugu wa ile iliyoshinda Safari Rally mwaka 1975, ilianza kumisi asubuhi. Fundi wangu hakugusa kipimo. Vipimo ni vya wasiojiamini. Aliinamisha sikio, akakohoa, akatamka: kabureta. Tukabadili. Ikamisi. Akatamka: pampu ya mafuta. Kisha plagi, kisha betri, kisha rejeta, kwa kuwa bado nilikuwa na hela. Kadhi gani huwasikiliza mashahidi wote kwa uadilifu huo? Daktari angekutoboa kidole kwanza, atazame damu. Huyu anaanza na figo, ikibidi zote mbili.

Wapo wanaonong'ona kuhusu platini, kile kidude kinachotakiwa kuachiwa mwanya usiofika hata milimita moja. Platini! Kitu cha bei ya chai na maandazi! Fundi mwenye hadhi aanzie hapo? Si sawa na mshenga kwenda ukweni na kibiriti? Platini yangu hajaigusa mpaka leo, nadhani kwa kuheshimu ukale wa gari.

Hata majirani wamefaidika. Kila alfajiri tunakutana, wazee kwa vijana, tunasukuma. Jumamosi tunashusha injini.