Kasia Ukumbini

Kasia la mashua ya kijiji chetu lina urefu wa zaidi ya mita nne. Ukumbi wa nyumba yetu haufiki hapo. Lilikuwa limepasuka, nalo lilitakiwa kuungwa kwa epoksi kabla ya msimu, na epoksi haishiki upesi kwenye baridi ya Scotland. Banda la mashua halina joto. Nyumba yetu inalo. Basi mume wangu na wenzake wakalipitisha dirisha la sebuleni, likakata ukumbi, ncha yake ikaishia chini ya meza ya jikoni, na milango yote ya katikati ikabaki wazi.

Mama yangu alikuwa amekuja kututembelea kutoka Tanga. Alilivuka akienda kutawadha, akalivuka akirudi, hakusema neno. Jioni akatandika mkeka wake wa ukindu chini ya kasia, gundi isije ikaharibu zulia. Usiku kibano kikafyatuka, kasia likateremka kutoka kwenye matofali lilipolazwa, likalala juu ya mkeka. Kulipokucha vimeshikana, havibanduki.

Mume wangu alitaka kulikata kasia. Mama akamzuia. "Hapana, mkwe wangu. Mkeka nitasuka mwingine. Lete mkasi."

Mashua yenyewe ni ya aina ya St Ayles. Mchoro wake uliagizwa na Makumbusho ya Uvuvi ya Scotland yaliyopo Anstruther, na aliyeuchora ni Iain Oughtred, akifuata vyombo vya zamani vya Fair Isle. Ya kwanza ilishushwa majini mwaka 2009. Ina urefu wa mita 6.7, wapiga makasia wanne, kila mmoja na kasia lake, na mshika usukani kwenye tezi. Mbao huja zimekatwa tayari, kisha wanakijiji wenyewe huziunga jioni baada ya kazi. Yetu imepigwa msasa na mwalimu, fundi bomba, muuza samaki na mstaafu wa benki, watu ambao kabla ya hapo waliishia kusalimiana dukani tu. Kwa maoni yangu, vijiji hivi vya pwani havijapata jambo jema kuliko hili tangu uvuvi ulipofifia. Ndiyo maana sikulalamikia milango.

Kiangazi kilipoanza tukaifunga mashua kwenye tela, safari ya Venice, kwenye Vogalonga. Mwendo huo wa makasia ulianza mwaka 1975, wenyeji wakipinga mawimbi ya boti za injini yanayokula misingi ya majumba yao. Ni kilomita 30 na mshindi hatafutwi. Mzinga hulia asubuhi mbele ya San Marco, vyombo vya kasia vya kila namna hutoka pamoja, vikazunguka hadi Burano na Murano, vikarudi mjini kwa mfereji wa Cannaregio.

Mimi nilikuwa kwenye usukani. Kwenye wangwa tulikwenda vizuri, maji yametulia, jua kali. Shida ilikuwa Cannaregio, kwenye daraja la Tre Archi: vyombo vimesongamana bega kwa bega, na makasia yetu marefu hayana pa kwenda. Nikapiga kelele yaingizwe ndani, lakini moja, lile lile la ukumbini, lilikuwa limeshajipenyeza kwenye mtumbwi wa jirani. Bibi mmoja mwenye kofia ya majani akalipokea, akalilaza mapajani, akalishika mpaka njia ilipofunguka. Hatukuwa na lugha moja. Nikampa visheti alivyotufungia Mama, naye akatugawia mkate na zeituni. Kasia halikulegea hata kidogo pale lilipoungwa.

Tuliporudi, zamu ya kupokea wageni ilikuwa yetu. Watu wa vijiji jirani walikuja kushindana, na wengine walilala kwetu, sebuleni na ukumbini. Mama alipika pilau kwa sufuria ya kuazima kutoka ukumbi wa kijiji, akawafundisha kula kwa mkono. Kesho yake akavalishwa jaketi okozi, akaketishwa kwenye omo, akazungushwa ghubani hadi saa nne za usiku, mwanga ungalipo.

Ukifika pwani ya Scotland miezi ya kiangazi, ulizia banda la mashua la kijiji. Asiyejua kupiga kasia hufundishwa hapo hapo.