Barua ya Wazi kwa Tume ya Ushindani: Jibini Ambayo Mtoto Hakula

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Tume ya Ushindani (FCC).

YAH: BEI YA VITU AMBAVYO HAVIKUFIKA MEZANI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Wazazi wa Dar es Salaam wanaiheshimu Tume kwa kazi yake ya kukamata bidhaa bandia. Safari hii wanaleta kesi ngumu zaidi: bidhaa ambayo haipo kabisa, ila imelipiwa. Bandia angalau huonekana.

Mambo huenda hivi. Familia inaingia mgahawani Jumapili mchana. Mtoto wa miaka mitano anataka baga, lakini bila jibini, bila kitunguu, bila nyanya, na ile sosi isikaribie. Mhudumu anaandika kwa adabu zote. Kinacholetwa ni mkate na nyama. Risiti inasema baga kamili. Meza ya jirani kuna kijana aliyeomba aongezewe jibini, na kwake jibini ina bei, tena imepewa mstari wake kwenye risiti. Jibini ileile, jiko lilelile. Ikiingia kwenye sahani ni mali, ikiondolewa si kitu.

Wenye migahawa wana hoja, na isikilizwe. Pango, umeme, gesi na mshahara wa mpishi havipungui eti kwa sababu mtoto hapendi kitunguu. Kweli kabisa, na hakuna mzazi mwenye akili zake anayedai arudishiwe fedha ya kipande cha nyanya. Lakini pango halikupanda pia pale kijana alipoongezewa jibini, na bado alitozwa.

Tume ikihitaji mtaalamu wa hesabu hizi, isihangaike kutangaza zabuni. Itume ofisa kwenye banda lolote la chipsi, Sinza au Mbagala. Chipsi kavu zina bei yake, chipsi mayai zina bei yake, na anayetaka yai moja hatozwi mayai mawili. Mama ntilie naye hana shida. Mwombe wali mtupu wa mtoto, maharage yakae pembeni: atapakua kidogo, atamtupia mtoto jicho, kisha atataja bei inayolingana na tumbo lile. Menyu ya watoto yenye picha ya simba hana.

Menyu hiyo yenyewe haikuzaliwa kwa mapenzi. Huko Marekani migahawa mingi ya hadhi haikuwa na hamu na watoto, mpaka pombe ilipopigwa marufuku mwaka 1920 na mapato yake yakakauka. Ndipo Waldorf-Astoria ya New York na wenzake wakagundua kwamba watoto nao wana midomo. Chakula chao kilikuwa cha kupooza kwa makusudi, kwa kufuata madaktari kama Emmett Holt, ambaye kitabu chake cha mwaka 1894 juu ya malezi na ulishaji wa watoto kiliwaongoza kina mama kwa miaka mingi. Leo mtoto akiomba cha kupooza, mzazi wake analipia na viungo.

Wazazi hawaombi bei elekezi kama ya sukari. Wanaomba kila mgahawa unaotoza nyongeza uandike pia punguzo kwenye menyu hiyohiyo. Ukishindwa, basi kilichoondolewa kifungwe kwenye mfuko na mteja aondoke nacho, jibini, kitunguu na nyanya. Risiti anayo.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mzazi wa mtoto asiyetaka sosi

Nakala: Mamlaka ya Mapato (TRA). Jibini hiyo imekatwa VAT ya asilimia 18 kama kawaida. Sheria inataka kodi hiyo ibebwe na mlaji wa mwisho, na jibini hii hadi barua inapoandikwa haijapata hata mlaji wa kwanza.