Mshenga Aliyeishiwa Bando

Mpwa wangu ni kijana msomi, ana kazi nzuri Dar es Salaam, na hajui kama ana njaa mpaka aiulize simu. Asubuhi huiuliza avae nini. Mwenye nyumba akidai kodi, simu ndiyo inayotunga udhuru. Dada yangu alipolazwa kwa malaria, mtoto huyu aliyemzaa mwenyewe alimtumia ujumbe wa aya tatu, uliomalizikia kwa kumtakia "ahueni ya haraka wewe na timu yako". Dada aligeuka kushoto, akageuka kulia. Timu haikuwepo. Ilikuwepo dripu.

Mwanzoni nilimwonea kijana huruma, maana ugonjwa huu wa kuitegemea mashine haukuanza na yeye. Mwaka 1966, katika chuo cha MIT kule Marekani, Joseph Weizenbaum alitangaza programu ya mazungumzo aliyoiita ELIZA. Haikuwa na ujuzi wowote wa maana. Ukiiambia umegombana na mama yako, inakurudishia maneno yako yakiwa swali. Hata hivyo katibu muhtasi wake, ambaye alijua fika kwamba ile ni mashine na kwamba bosi ndiye aliyeitengeneza, aliongea nayo kidogo tu kisha akamwomba bosi awapishe chumbani. Kama ELIZA tu ilimfanya mtu adai faragha, mbele ya programu hizi za leo zilizomeza maandishi ya dunia nzima kijana wetu angeponea wapi?

Huruma yangu iliisha siku ya barua ya posa.

Mchumba ni binti wa Lushoto. Mshenga alikuwa Baba Mdogo wa kijana wetu, mwalimu mstaafu, ambaye zamani akisimama kwenye harusi hata wapishi walikuwa wanaacha masufuria waje kumsikiliza. Mpwa wangu alimwambia asijisumbue: barua imeshaandikwa na simu, na maswali yoyote ya wazee yatajibiwa na simu hiyohiyo. Nilitegemea Baba Mdogo akatae. Kumbe naye alikuwa ameshanaswa. Kila akiiuliza kitu, inamwambia, "Swali zuri sana!" Tangu astaafu hakuna mtu aliyewahi kumwambia ameuliza swali zuri, mkewe ndiyo kabisa.

Tulipokewa vizuri, tukanywa chai, tukatoa hela ya kufungulia barua. Shangazi wa binti akafungua bahasha na kusoma kwa sauti. Barua ilikuwa tamu, sikatai. Ilisifu milima, ikasifu malezi, halafu ikafika mahali pasemapo kwamba koo zetu mbili si wageni, kwa kuwa babu zetu walifanya biashara ya chumvi pamoja kwa miaka mingi.

Mimi ndiyo kwanza nasikia.

Babu wa binti, aliyekuwa amesinzia, alifumbua jicho moja. "Chumvi ipi, mshenga?"

Baba Mdogo aliinamia simu chini ya meza kama mwanafunzi anayeibia mtihani. Akaiuliza kama habari ya chumvi ni ya kweli. Ikamjibu ni kweli tupu. Akainua kichwa: "Ni kweli tupu, mzee wangu."

"Basi vizuri," akasema babu. "Nani alikuwa anamdai mwenzake?"

Hapo bando likaisha.

Programu hizi hutunga sentensi kwa kukisia neno gani linafaa kufuata. Katika barua ya posa babu wanafaa, biashara ya zamani inafaa, chumvi nayo inafaa. Kama vitu hivyo viliwahi kutokea duniani, hiyo ni kesi nyingine. Tena kesi kwelikweli: mwaka 2023 mahakama ya New York iliwatoza mawakili wawili na ofisi yao faini ya dola 5,000, kwa sababu waliwasilisha hukumu zilizobuniwa na ChatGPT. Mmoja wao alikuwa ameiuliza kabisa kama kesi mojawapo ni ya kweli. Ikamhakikishia kuwa ni ya kweli. Kumuuliza mwongo kama anasema uongo ni kumwongezea nafasi ya mazoezi tu.

Sisi hatukutozwa dola. Wazee walinong'onezana, wakatupiga faini ya shilingi 50,000 kwa kuleta babu wa uongo, na mmoja akauliza kama tumekuja na mshenga au na muuza vocha.

Baba Mdogo alizima simu, akaitia mfukoni, akakohoa. Akakaa kimya muda mrefu, nami nikaanza kuhesabu hela ya faini ya pili. Kisha akasema, "Wazee wangu, ya chumvi ya babu siyajui. Ninayoyajua ni haya: tangu kijana wetu amwone binti yenu, kila akipika anatia chumvi mara mbili. Tumekula tumevumilia, tumeshindwa. Tunaomba mtusaidie."

Shangazi alicheka mpaka kanga ikamdondoka. Babu alifumbua na jicho la pili.

Jibu lilikuja baadaye, limeandikwa kwa mkono, kwa wino unaovuja. Wamekubali. Mahari yalitajwa kwa kifupi, bila sifa za milima, na mwishoni babu alikuwa ameongeza kwa mwandiko wake wa kutetemeka: gunia moja la chumvi, kufidia deni la marehemu.

Mpwa wangu alishika simu aiulize bei. Dada yangu alimnyang'anya, akaifungia kabatini, akamwambia sokoni kuna watu wenye midomo, aende akawatumie. Kijana aliondoka amejikunyata. Alirudi jioni na gunia begani, jasho linamtoka, akitusimulia kwa mbwembwe jinsi alivyobishana na muuzaji mpaka akamshinda. Tulipopiga hesabu tukakuta alizidishiwa shilingi elfu tano, lakini hakuna aliyemwambia. Alikuwa anasimulia vizuri mno.