Lori ni la nani? Barua ya wazi kwa Kamati za Maadili ya Madiwani

Kwa Waheshimiwa Wajumbe wa Kamati za Maadili,
Mabaraza ya Madiwani, Halmashauri za Manispaa,
Tanzania Bara.

YAH: PONGEZI KWA UTULIVU WA OFISI YENU

Waheshimiwa, husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Katika baraza la manispaa kila kamati ina vumbi lake: ya Fedha na Uongozi inakesha na makabrasha, ya Mipango Miji inagombania ramani za viwanja, ya Kudhibiti Ukimwi haikosi semina. Ninyi tu ndio wenye amani. Kanuni za Maadili ya Madiwani zipo tangu mwaka 2000. Kila diwani anaapa mbele ya hakimu, picha zinapigwa, majoho yanarudi kabatini, na kuanzia hapo ni nadra kusikia jalada limefunguliwa mezani kwenu. Tukisikia mmeitwa, aghalabu ni kwa sababu kuna aliyetoa lugha kali kikaoni. Mgeni asiyetujua angedhani madiwani wetu wote ni mawalii. Sisi tunaowajua tumebaki kustaajabia mbinu mliyotumia.

Mbinu yenyewe ni rahisi, na inaonekana vizuri zaidi kutoka viti vya nyuma vya ukumbi, maana mkutano wa baraza ni wa wazi kwa yeyote. Maji ya chupa yamepangwa, makabrasha yamegawiwa, Mstahiki Meya amevaa joho na mkufu. Ajenda ni taarifa ya ujenzi wa madarasa. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya mwaka 1982 inamtaka mjumbe mwenye maslahi ya kifedha katika mkataba unaojadiliwa, yawe yake moja kwa moja au ya kupitia mtu mwingine, ayataje, kisha asishiriki kujadili wala kupiga kura. Basi ukumbi unasubiri. Anayetakiwa kujitaja ni mwenyewe, anayejua kwamba hajajitaja ni mwenyewe, na wakati huo mwenyewe anafungua chupa ya maji. Sekunde nne. "Wanaoafiki?" "Ndiyooo!" Hoja imepita, na mchanga wa madarasa utaletwa na lori ambalo kila mtoto wa mtaani anajua ni la nani kwa kusoma tu maandishi ya kwenye bampa. Muhtasari wa kikao ndio pekee usiojua.

Linganisheni na kosa lingine. Diwani akikosa mikutano ya kawaida mitatu mfululizo bila ruhusa, kiti kinaondoka. Sheria zetu zina jicho kali kwa asiyekuwapo ukumbini. Aliyepo ndiye asiyeonekana. Mahudhurio yana karatasi, yana sahihi, na yana posho. Maslahi hayana karatasi ambayo mwananchi anaweza kuishika mkononi.

Haikuwa hivi siku zote. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwataja madiwani waziwazi miongoni mwa viongozi waliobanwa na masharti: wasiwe na hisa katika kampuni yoyote, wasiwe wakurugenzi wa kampuni ya kibepari, wasipokee mishahara miwili, wasiwe na nyumba ya kupangisha. Nyumba ya kupangisha! Kwa sharti hilo peke yake, leo mabaraza mengi yasingetimiza akidi. Lakini masharti yale yalikuwa na fadhila moja ambayo hatuikumbuki: hayakuhitaji daftari. Kiongozi hakuwa na lori, basi, na hakuna aliyehangaika kuuliza lori lina mkataba na nani. Februari 1991 Halmashauri Kuu ya CCM ilikutana Zanzibar na kuyalegeza. Kiongozi akaruhusiwa hisa, nyumba na lori. Sina ugomvi na uamuzi ule. Nchi ilikuwa imebadilika, mshahara ulikuwa haufiki tarehe kumi, na wapo waliokwisha kumiliki kwa majina ya mashemeji. Ila ruhusa ile ilikuwa na bei yake. Mwenye mali yake atakabidhiwa pia kuangalia mali ya umma, kwa sharti kwamba anachomiliki kionekane. Ruhusa tuliichukua mwaka 1991. Bei yake hatujailipa hadi leo. Hoja yangu yote ni deni hilo.

Najua mtakavyojibu. Mtasema diwani hakai kwenye bodi ya zabuni, ununuzi ni kazi ya watumishi. Ni kweli, kwenye karatasi. Lakini madarasa na zahanati nyingi za miaka hii zimejengwa kwa fosi akaunti: shule au zahanati yenyewe inanunua vifaa na kumlipa fundi wa hapohapo, bila mkandarasi mkubwa. Utaratibu huo una sifa zake. Gharama zinashuka na fundi wa kata anapata riziki. Umeishusha pia zabuni hadi kwenye kata, mahali ambapo muuza kokoto, muuza nondo na mwenye lori ni watu watatu wanaofahamika, na mmoja wao huenda anaitwa Mheshimiwa. Mwalimu mkuu anayeamua anunue wapi tripu saba za mchanga hahitaji kuambiwa lolote. Anajua bajeti inapitishwa na nani, na malalamiko dhidi ya watumishi yanajadiliwa katika ukumbi gani. Hakuna simu iliyopigwa wala bahasha iliyobadilisha mikono. TAKUKURU wakija na vinasa sauti vyao watarekodi kimya. Ndiyo maana nakataa kuuita mgongano wa maslahi rushwa ndogo. Ni kitu cha aina nyingine, kinachofanya kazi yake vizuri bila mtu yeyote kutenda jambo la kupelekewa pingu. Kwa hiyo pingu haziwezi kuwa dawa yake. Dawa ni kujua lori ni la nani kabla tripu ya kwanza haijamwagwa.

Hesabu ni ileile kwenye asilimia kumi ya mapato ya ndani ambayo halmashauri inatenga kwa mikopo ya vikundi: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo ile ilisimamishwa Aprili 2023 na kurejeshwa mwaka 2024, huku ripoti za CAG zikiwa zimeeleza mabilioni yasiyorejeshwa. Utaratibu ulibadilishwa. Orodha iliyobandikwa mahali, yenye kuonyesha kikundi kipi kina shemeji wa nani, bado naisubiri.

Mtaniambia pia kwamba ipo Sekretarieti ya Maadili ya Viongozi wa Umma, na kwamba kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1995 diwani anapeleka huko tamko la mali na madeni yake kila mwaka, mwisho tarehe 31 Desemba. Hapa ndipo ninapowavulia kofia waliotunga utaratibu. Daftari la matamko lipo, na mwananchi anaruhusiwa kulikagua. Masharti aliyowekewa na kanuni ni machache tu: kwanza awe amewasilisha malalamiko dhidi ya kiongozi huyo na yaonekane kuwa ni ya nia njema, kisha alipe ada ya shilingi 1,000, na alichokisoma asikitangaze. Yaani ukitaka kujua kama kuna jambo la kulalamikia, anza kulalamika, ukishalijua, nyamaza. Kwa shilingi elfu moja siku hizi hata sahani ya maana ya wali maharage hupati, lakini siri ya kwenda nayo kaburini unapata.

Wapo watakaouliza diwani atakula nini asipofanya biashara, maana posho yake ni ndogo. Nakubaliana nao, tena kuliko wanavyotaka. Diwani analipwa posho, si mshahara, na baraza la watu wasio na shughuli nyingine lingenitisha zaidi. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi anajua bei ya nondo kuliko wengi walioandaa makadirio, tunamhitaji ukumbini. Hakuna anayemtaka auze lori. Anatakiwa aseme "lori ni langu", atoke nje anywe chai, arudi kwenye ajenda inayofuata. Na anayehofia kwamba majirani watazijua mali zake, ajipe moyo: majirani wanazijua tangu siku msingi ulipochimbwa. Daftari la wazi ni la mkaguzi, mwandishi wa habari na diwani wa kata nyingine, watu wasiopita mbele ya geti lake kila asubuhi.

Kuna hofu nyingine yenye uzito zaidi, kwamba mahasimu watalifanya daftari kuwa silaha wakati wa kura za maoni ndani ya chama. Watalifanya, sina shaka. Lakini silaha walizonazo sasa ni uvumi, na uvumi hauna safu inayoonyesha kwamba mwenyewe alisema, tarehe fulani, kwa sahihi yake. Diwani aliyeandika lori lake ana cha kujitetea nacho. Asiye na lori ana karatasi tupu, na sijui cheti gani cha maadili kinachoizidi hiyo.

Limebaki jibu la waungwana: mwananchi ndiye hakimu, miaka mitano ikiisha atahukumu kwa kura. Hakimu mmemsifu, ila jalada mmemnyima. Tena tukumbushane kidogo. Mwaka 2000 sheria yetu ya uchaguzi ilirekebishwa ili kuruhusu takrima, ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, na ikabidi tusubiri hadi Aprili 2006 Mahakama Kuu itamke kwamba jambo hilo ni kinyume cha Katiba. Mwaka uleule wa 2000 nchi ileile iliandika kanuni za maadili ya madiwani, na pia ikaandika kwamba pilau ya mgombea si hongo. Mkono mmoja ulikuwa umeshika kalamu, mwingine umeshika upawa. Hakimu aliyelishwa na mshitakiwa, kisha akakatazwa kusoma jalada, tusimlaumu akisinzia kortini.

Waingereza, ambao kipengele chetu cha kutaja maslahi kina harufu ya sheria zao za zamani, tangu sheria yao ya mwaka 2011 wanaitaka halmashauri katika England ichapishe daftari la maslahi ya madiwani kwenye tovuti yake, na anayeficha kwa makusudi anaweza kupandishwa kizimbani. Sidhani walilifungua kwa utakatifu. Sisi wala hatuhitaji tovuti. Ofisi ya kata ina ubao wa matangazo: wavu wa waya, tangazo la chanjo lililopauka kwa jua, na pini mbili ambazo hazijashika kitu. Pini mbili zinatosha karatasi moja yenye jina la diwani, biashara zake na za mwenza wake, vyombo vinavyobeba mizigo ya kulipiwa, vikundi alivyomo na mikataba yoyote na halmashauri. Diwani atie sahihi, mtendaji wa kata agonge muhuri, ibadilishwe kila Januari. Na muhtasari wa kila kikao, kile cha baraza na vile vya kamati ambavyo sisi wa viti vya nyuma haturuhusiwi kuviona, uanze kwa mstari mmoja: nani ametaja nini, nani ametoka nje. Kama hakuna, iandikwe "hakuna", na majina yote ya waliohudhuria yafuate chini yake.

Mkiona kazi hiyo ni nzito, ninalo pendekezo mbadala litakalolinda utulivu wenu. Kipengele cha kutaja maslahi kifutwe, kamati zenu zivunjwe kwa heshima zote, na fedha za vikao vyake zinunue rangi. Kila lori linaloingia kwenye mradi wa umma liandikwe ubavuni, kwa herufi kubwa, jina la mwenyewe na kata anayoiwakilisha. Watoto watatusomea.

Naomba kuwasilisha.

Mlipa ushuru wa soko

Nakala: Ubao wa matangazo, ofisi zote za kata (tafadhali isibandikwe juu ya tangazo la chanjo).