Pikipiki ya Majini

Matajiri wa Dar wananunua pikipiki za majini. Sisi wa Kilosa tunangoja Mto Mkondoa ufurike tu, kila bodaboda inageuka mashua. (Reli yenyewe ilizolewa na mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na Januari 2010, sembuse pikipiki.)

Jirani yangu kaisukuma pikipiki yake kuukuu mpaka kwa fundi. "Imezimika yenyewe, fundi. Maji sikuyagusa." Fundi akachomoa kijiti cha oili: oili nyeupe kama chai ya maziwa. Hakusema neno. Akafungua plagi, akapiga kiki, maji yakaruka mpaka kwenye shati la huyo asiyeyagusa.

Maji hayabanwi kama hewa. Ukilazimisha injini iwake yakiwa ndani, mkono wa pistoni unapinda. Dawa yake ni kuyatoa yote, kukausha filta, kusafisha kabureta, na kubadili oili, pengine zaidi ya mara moja. Jirani kaona gharama. Kanunua stika ya "Mungu Mkubwa", anaipeleka pikipiki Mikumi kuiuza. Mteja akiuliza mbona taa ina matone ndani, ataambiwa ni jasho la safari.