Shajara ya Njia ya Baiskeli, Barabara ya Morogoro

Jumatatu

Nimetoka Ubungo mapema, jua halijachomoza sawasawa. Kabla ya kufika Shekilango gurudumu la mbele limezama kwenye mfuniko wa mtaro. Nondo za mfuniko huo zimelala kufuata njia, na mwanya kati yake unatosha kumeza tairi jembamba. Rimu imepinda, spoki zimekatika. Nimeikokota hadi Manzese kwa fundi. Ameigeuza baiskeli miguu juu, akazungusha gurudumu polepole huku ameshika kipande cha chaki karibu na rimu. Palipogusa chaki ndipo palipopinda. "Dada, mfuniko ule naujua," amesema. "Wengi wanaletwa hapa na huohuo." Nondo zingelala kukatiza njia, tairi lingepita juu yake bila shida. Nimechelewa kazini.

Jumanne

Bodaboda amenikwangua kiwiko kwa kioo cha pikipiki. Alikuwa anakuja mbele yangu, ndani ya njia ya baiskeli. Amesimama akanipa pole, akaeleza kwamba huko barabarani malori yanambana. Naamini anasema kweli. Lakini njia hii ilijengwa kwa ajili ya watu wa miguu na baiskeli, pamoja na mradi wa mabasi ya mwendokasi ulioanza kubeba abiria Mei 2016 kati ya Kimara na Kivukoni. Mwaka 2018 jiji letu la Dar es Salaam lilipata Tuzo ya Usafiri Endelevu kwa mradi huo. Wengine hudai nguzo za zege zingemaliza tatizo. Mimi sioni hivyo: panapopita usukani wa baiskeli, pikipiki nayo hupita, na anayebaki nje ni mwenye guta la madumu ya maji, ambaye riziki yake inategemea njia hii. Tunahitaji askari wa usalama barabarani asubuhi na jioni, na bodaboda wapewe nafasi yao salama barabarani.

Jumatano

Wali na maharage vimemwagika. Kila barabara ya mtaa inapoingia Barabara ya Morogoro, njia yetu inashuka hadi kwenye lami kisha inapanda tena ukingo wa zege. Leo kwenye ukingo mmojawapo hotipoti imeruka kutoka kwenye keria na kufunguka hewani. Mama ntilie wa pale pembeni amenisaidia kuokota, akanipa chapati na kukataa hela.

Kwenye makutano hayo ndipo wengi wanapogongwa, maana dereva anayekata kona haoni sababu ya kupunguza mwendo. Njia ya baiskeli ingeendelea kwa usawa wake na gari ndilo likapanda na kushuka kama linavuka tuta, dereva angepunguza mwendo hata usiku, hata pasipo na askari.

Alhamisi

Mvua. Mto Msimbazi umejaa, Jangwani pamefungwa. Nimegeuzia Magomeni.

Ijumaa

Nimefika kazini salama. Mlinzi amenizuia getini.
"Shikamoo mzee."
"Marahaba, binti. Baiskeli haiingii humu. Humu ni magari."
Nimemwomba kona yoyote, hata nyuma ya jenereta. Amesema maagizo yametoka juu, na nimeona anaona aibu kuyatekeleza. Nimeifunga baiskeli nje kwenye nguzo ya umeme kwa mnyororo na kufuli. Jioni baiskeli ipo, tandiko halipo. Nimerudi Ubungo nimesimama kwenye pedeli, na sasa mapaja yanauma.

Hili la maegesho limeniumiza kuliko kiwiko. Nafasi ya gari moja hutosha baiskeli kumi. Wenzangu ofisini wameniuliza mara nyingi kama na wao waanze, hasa wanaokaa Magomeni na Kigogo, ambao nauli inawala kila mwezi. Leo wameniona nikiondoka bila tandiko, na sidhani kama wataniuliza tena karibuni. Ofisi inayotaka wafanyakazi wafike kwa wakati iweke vyuma vya kufungia baiskeli mahali mlinzi anapopaona, na bomba la maji la kunawia uso. Fundi wa kuchomelea wa mtaani kwetu anaweza kutengeneza vyuma hivyo.

Jumamosi

Fundi wa Manzese ameniuzia tandiko kuukuu, gumu lakini linakaa.

Mradi wa mwendokasi unahusu pia barabara za kwenda Mbagala, Gongo la Mboto na Tegeta, na pembeni mwa barabara hizo watu wa baiskeli wapo tangu zamani: wauza mkaa, wauza samaki, wanafunzi, mafundi. Kwenu wahandisi mnaopokea kazi kutoka kwa makandarasi: kabla ya kutia saini, pandeni baiskeli muipite njia nzima saa moja asubuhi, mkiwa na mzigo kwenye keria. Palipowalazimu kushuka, mkandarasi aparudie.